Mzee wa Bendera na Njia ya Marani

Ndege ilipomgonga mke wa mwanawe, Mzee wa Bendera alikuwa amegeuza uso. Alikuwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, macho yake yalikuwa mazima, jua lilikuwa limetoka, na kazi aliyopewa ilikuwa kutazama. Hakuona. Kwa sababu hiyo mwanawe aliacha kumwita baba, na kwa sababu hiyo mimi, fundi cherehani niliyetoka huko ziwani, bado namkumbuka kila ninaposhika kitambaa chekundu.

Lakini nikimweleza kwa asubuhi ile peke yake nitakuwa nimemdhulumu. Alikuwa mtu wa uwanja ule kwa miaka mingi kabla ya msiba, na watu wa Kisii walimjua kwa mambo mengine.

Walimjua kwa sauti, kwanza. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi juu ya mgongo wa kilima, nje kidogo ya mji, uliosawazishwa kwa majembe. Mwisho mmoja ulikuwa na mikaratusi, mwisho wa pili ulikatika ghafla ukawa bonde. Pembeni yalipangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Palikuwa na kibanda cha mabati, na mlingoti wenye mfuko mrefu wa kitambaa wa kumwonyesha rubani upepo unakotoka. Mfuko ule niliushona mimi, pamoja na bendera zake mbili, nyeupe ya kuruhusu na nyekundu ya kukataza, na hivyo ndivyo tulivyojuana. Hapakuwa na mnara wala redio. Palikuwa na yeye, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde.

"Wewe mama! Hapana pita!"

Kwa maana palikuwa na njia. Njia ya miguu ya kwenda sokoni Marani ilikata uwanja katikati kama mshipi kiunoni. Njia ilitangulia, uwanja ulikuja baadaye, na waliopima uwanja hawakuiona njia kuwa kitu. Wanawake walipita hapo na vikapu vya wimbi, na mikungu ya ndizi, na kuku wamefungwa miguu. Ng'ombe walipita, na mbwa waliowafuata ng'ombe. Ndege zilikuja mara chache tu, kuleta barua, dawa, au ofisa fulani, na uchache huo ndio uliomnyima mzee raha.

"Ndege akija kila siku, watu ataogopa," aliniambia. "Akija mara moja moja, watu nasahau. Mtu akisahau, huyo nimeshamzika."

Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, nami changu nilikipata shuleni na madukani. Yeye Mkisii, mimi Mjaluo, hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Aliniita Omogere, jina ambalo Wakisii huwapa watu wa ziwa, na mimi nikamwita mzee. Jina la Mzee wa Bendera walimpa wanawake wa sokoni, na halikuwa jina la heshima hapo mwanzo.

"Mzee wa Bendera, ndege yako imetaga wapi leo?"

"Imetaga kichwani kwako, ndiyo maana unapita bila kuangalia."

"Njia hii ni ya nyanya yangu!"

"Nyanya yako alikutana na pangaboi? Ile kitu inazunguka pale puani kwa ndege, alikutana nayo? Basi rudi nyuma."

Wakacheka, wakarudi nyuma. Aliwaacha wacheke. Alisema mtu anayecheka ana masikio wazi, lakini mtu unayempiga husikia fimbo tu. Hilo alilisema na fimbo ikiwa mkononi, maana ng'ombe aliwapiga bila huruma, na wachungaji wa ng'ombe wasiokimbia upesi walionja pia.

Sheria zake hazikuandikwa popote nilipopaona. Nyingine alipewa na wazungu waliofungua uwanja, nyingine alizitunga mwenyewe baada ya kuogopeshwa na jambo fulani, na hakutofautisha zile na hizi. Iliyokuwa mama wa zote ilikuwa hii: jicho kwanza, mkono baadaye. Kabla ya kuinua bendera nyeupe alitembea uwanja mzima kwa miguu, mwisho hadi mwisho, akitafuta shimo la fuko, kigingi cha mbuzi, jiwe lililobiringika, mlevi aliyelala. Mvua ikinyesha alitembea. Akiwa na homa alitembea, akitetemeka ndani ya koti lake kuukuu. Jana alipita hapo na palikuwa safi, na hilo halikumhusu. "Jana si macho," alisema. Niliwahi kumwambia kwa mzaha kwamba angeweza kupandisha nyeupe kutoka kibandani tu, nani angejua? Aliniangalia kama mtu aliyetemewa mate.

"Bendera ni neno, Omogere. Nikisema kitu sikuona, mimi ni mwongo. Na huyu wa juu kwa ndege ataniamini. Ndiyo ubaya wake, ataniamini."

Sheria nyingine zilifuata kutoka hiyo. Ndege ipite juu kwanza bila kutua, ili watu na ng'ombe wasikie. Itue ikikabili upepo. Ikigusa nyasi, mtu asisogee mpaka pangaboi lisimame kabisa, hata kama ndani yumo ofisa mkubwa. Na ndege mbili zisishiriki uwanja: moja chini, nyingine izunguke juu ya kilima cha Manga mpaka iitwe.

Hiyo ya mwisho niliiona kwa macho yangu msimu wa nzige, ndege za kunyunyiza dawa zilipokuja. Ndege ya kwanza ilikuwa imekwama kwenye matope katikati ya uwanja, nayo ya pili ikaja ikishuka. Mzee alitandika shuka mbili chini kama msalaba, maana yake usitue, akasimama juu yake na bendera nyekundu, mikono imenyooshwa. Ndege ilimpita juu ya kichwa karibu sana hata kofia yake ikaruka. Ikazunguka, ikaja tena. Hakutoka. Mara ya tatu rubani akakubali, akaenda kuzunguka Manga. Alipotua baadaye alimtukana mzee mpaka mate yakamtoka. Mzee alisimama wima, akapiga saluti. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, na nilipomfuata nikamkuta amepiga magoti, anatapika.

"Nilifikiri utakimbia," nikasema.

"Miguu ilikataa kukimbia. Usiwaambie watu kwamba ni ushujaa."

Aliziogopa ndege. Huo ndio ukweli, na ndio uliomfanya awe mlinzi mwema. Rubani mmoja aliyempenda alimwahidi kumzungusha juu ya kwao bure, akakataa akasema mke wake anaumwa. Mke wake hakuwa anaumwa, alikuwa ukumbini mwa duka nilimokuwa nikishona, akila njugu.

Mke huyo alikuwa Msabato, akisali Nyanchwa kila Jumamosi, na alimlilia mzee apumzike siku hiyo. Mzee alimjibu kwamba ndege haina Sabato. Hata hivyo Jumamosi hakumtukana mtu yeyote njiani, wala ng'ombe. Aliwafukuza kwa upole, kwa sauti ndogo, naye akasema hiyo ndiyo sala yake. Alikuwa mkali kwa mbuzi wa watu na mbuzi wake mwenyewe walikula nyasi za uwanja. Ukimuuliza alijibu kwamba mbuzi wake wanajua sheria.

Jambo lililomnyima usingizi lilikuwa njia. Alitaka ihamishwe, izunguke mwisho wa uwanja kwenye mikaratusi. Alilisema kwa ofisa wa wilaya, akaambiwa asubiri mwaka ujao. Mwaka huo ulipofika akaambiwa vivyo hivyo. Alilisema barazani kwa chifu, na hapo wazee wakamjia juu, kwamba njia ile ni mpaka wa koo mbili, na ikihamishwa itaangukia shamba la nani? Hakuna aliyetaka njia ya watu wote ipite kwenye wimbi lake. Nilikuwapo barazani siku hiyo. Alisimama mbele yao na bendera zote mbili kwapani, mzee mzima.

"Basi nyinyi chagueni," alisema. "Mnataka nianze na mtoto wa nani?"

Mzee mmoja akamwambia akae chini, asiwatabirie watu kifo. Akakaa.

Kwa kuwa njia haikuhama, aliamua kuwafundisha watu. Siku za soko aliwakusanya wanawake kwenye mawe ya chokaa, akawafanyisha zoezi kama askari. Ukiona nyekundu, rudi ulikotoka, usikimbie mbele. Mzigo tupa. Wimbi litaokotwa. Wakacheka, wakakimbia, wakatupa vikapu vitupu, wakapiga vigelegele. Wanawake wa njia ile wote walipita kwenye mafunzo yake.

Wote isipokuwa mmoja.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi kama mtu wa ziwa nilichelewa kulielewa, ingawa kwetu pia yako mambo ya wakwe. Wakisii wana sheria ya heshima waiitayo chinsoni. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hamgusi mkaza mwana wake, yaani mke wa mwanawe, wala hamsemeshi ovyo. Si chuki, ni kinyume chake, ni namna ya kumlinda mwanamke huyo na kulinda nyumba. Katika nyumba ya mzee waliishika kwa ukali kuliko kwingine. Wakikutana njiani, mkaza mwana aliiacha njia, akaingia kwenye nyasi, akageuka mgongo na kuinamisha kichwa. Mzee naye akageuza uso. Kila mmoja akangoja mpaka mwenzake awe amepita.

Mwanamke huyo alikuwa ametoka upande wa Nyamira. Alikuwa mcheshi, mrefu, sauti yake ya kuimba ilijulikana Nyanchwa. Aliniletea nguo za mtoto wake nizipunguze, na siku moja alishika ule mfuko wa upepo mezani kwangu akaupima kifuani.

"Fundi, hiki si ningembebea mtoto? Mwambie baba anipe kikichakaa."

Mzee alipokuja kuuchukua, nilimwambia. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie mama wa mtoto kikichakaa ni chake." Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni pa duka, mgongo umetugeukia, anasikia kila neno, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikamwambia. Akajibu, "Mwambie asante." Nikamwambia mzee asante. Walipendana watu wale wawili, na mimi nilikuwa daraja lao kwa sababu nilikuwa mgeni.

Basi angewezaje kuja kufanyishwa mazoezi mbele ya baba mkwe, atupe mzigo na kukimbia nguo zikipepea? Haikuwezekana. Mzee alimtuma mkewe akamfundishe nyumbani, na mkewe alimfundisha vizuri: nyekundu ni kurudi, mzigo ni kutupa. Hakuna aliyefikiria kumfundisha la kufanya ikiwa mtu wa kumfukuza angekuwa mkwe wake.

Asubuhi ile ndege ilipita juu mara moja kama ilivyo sheria, ikaenda kugeuka upande wa bonde. Mzee alikuwa amekwisha tembea uwanja, na nyeupe ilikuwa imepanda. Ndipo mkaza mwana wake akatokea ng'ambo, akirudi kutoka Marani, kikapu cha wimbi kichwani, akaingia uwanjani kwa njia. Kwa nini hakuisikia ndege, hatutajua. Pengine upepo. Mzee alitupa nyeupe, akachukua nyekundu, akapiga kelele, kisha akakimbia kumfuata kwenye ile njia, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imekauka.

Mwanamke mwingine angemwona mzee mwenye hasira na bendera, akatupa kikapu na kurudi. Huyu alimwona baba mkwe anakuja njiani. Akaiacha njia. Akaingia kwenye nyasi kando, na nyasi zile zilikuwa uwanja. Akasimama, akageuza mgongo, akainamisha kichwa akingoja mzee apite.

Na mzee alipoona mgongo ule, alifanya alichofanya kila siku ya maisha yao. Alisimama, akageuza uso.

"Haikuwa mimi," aliniambia baadaye. "Ilikuwa shingo. Shingo iligeuka yenyewe, Omogere."

Aligeuka nyuma tena mara moja, alisema, lakini ndege ilikuwa imekwisha pita na uwanja ulikuwa umejaa wimbi.

Hata hapo hakumgusa. Alisimama kando yake akilia na kuwaita wanawake kwa mayowe, waje, wamwinue, yeye hawezi. Mtu mmoja aliyefika mapema alisema hakuwahi kuona kitu kama kile, mzee akizunguka maiti kama kuku aliyenyang'anywa kifaranga, mikono hewani, bila kuinama.

Njia ilihamishwa wiki ya mazishi. Wenye shamba hawakupinga.

Ulikuja uchunguzi. Rubani alisema hakuona nyekundu, aliona nyeupe, kisha hakuona kitu, kisha akamwona mwanamke. Wanawake waliokuwa mbali waliona vumbi tu. Ofisa akamuuliza mzee swali moja kwa njia nyingi: bendera nyekundu ilikuwa juu au ilikuwa chini?

"Sikuona, bwana."

"Ilikuwa mkononi mwako!"

"Ilikuwa mkononi mwangu. Sikuona."

Walimwachisha kazi. Hilo hakulilalamikia. Lililomvunja ni kijana wake, mume wa marehemu, ambaye alimuuliza swali lile lile la ofisa na kupata jibu lile lile. Kijana huyo alikuwa mpole. Aliniambia mwenyewe, amekaa ukumbini pale, mtoto amemlalia pajani: "Akiniambia ilikuwa juu, nitajua ni rubani. Akiniambia ilikuwa chini, nitajua ni yeye, nitalia, nitamsamehe, ni baba yangu. Lakini aniambie. Siwezi kula nyumbani kwa mtu asiyeniambia."

Na hakula. Akija nyumbani alipitia mlango wa nyuma asionane na baba yake. Mtoto alipelekwa kwa wazazi wa mama yake Nyamira. Mke wa mzee alinijia akilia, akinisihi nimwambie mumewe aseme tu kwamba ilikuwa juu, itamdhuru nani? Nilimwambia. Nilimwambia zaidi ya mara moja, kwa maneno ya upole na kwa maneno ya hasira. Jibu lake lilikuwa kutikisa kichwa.

"Sikuona," alisema. "Nitainuaje mkono?"

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa asubuhi ya siku niliyokuwa nikifunga cherehani yangu nirudi ziwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Ng'ambo ya barabara, chini ya upenu, alikuwa amesimama kijana wake na furushi, akingoja lori la kwenda Kericho kwenye mashamba ya chai. Alikuwa amewaambia watu kwamba harudi.

Mzee hakunisalimu. Alifungua mkono, na ndani yake palikuwa na kipande cha kitambaa chekundu.

"Omogere. Shika hii. Kimbia hapa ukumbini kama mimi. Nikipiga makofi, geuza uso."

Nikaelewa anachotaka. Nikakimbia, mtu mzima, kati ya mafurushi yangu. Akapiga makofi. Nikageuza uso upesi, nikasikia amevuta pumzi.

"Iko juu," alisema. "Mkono umebaki juu." Akanionyesha nilikoanzia. "Tena."

Nikakimbia tena. Makofi. Nikageuka. Nilipomtazama, alikuwa akiangalia mkono wangu, na kitambaa kilikuwa kimelala juu ya paja langu.

"Mzee," nikasema, "ya kwanza ndiyo ya kweli. Ya pili nilikuwa nimechoka. Nenda umwambie. Lori linakuja."

"Tena," alisema.

"Mzee, lori hilo!"

Lilikuwa likipanda mlima kutoka chini, linanguruma. Alinipokonya kitambaa, akatoka mbio. Sikuwa nimemwona akikimbia tangu msiba ule. Alivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, yeye aliyewafundisha watu kuangalia, akasimama mbele ya mwanawe. Sikusikia alichosema. Nilimwona akiinua mkono juu na kile kitambaa, kisha akaushusha mpaka pajani, kisha akauinua tena, akaushusha tena. Kijana alikuwa akimtazama mkono, si uso.

Lori lilifika likasimama kati yangu na wao. Watu wakapanda, mizigo ikarushwa juu. Lilipoondoka, chini ya upenu hapakuwa na mtu, si baba, si mwana, wala furushi. Nilitoka mpaka katikati ya barabara, nijue kama kijana amepanda au amerudi na baba yake. Upande mmoja vumbi la lori lilikuwa likielekea Kericho, na upande wa pili ilikuwa njia ya nyumbani kwao, inapinda mapema nyuma ya migomba, na mtu akishapita pale haonekani tena.